Ndinga Inatetemeka, Fundi Anauza Koili

Oya, gari haina siri kwenye foleni. Ukiwa unakata Mandela usiku, spidi 80, singeli juu, kila kimeo kinaonekana pini. Ngoja sasa ukunje kuingia Tabata saa moja jioni. Foleni imeganda, gia ipo D, mguu kwenye breki, na hapo mchuma unaanza kuanika mambo yako. Usukani unatikisika mpaka kwenye viwiko. Kwenye kioo cha pembeni kila boda anaonekana pacha. Abiria wa Bolt siti ya nyuma anaacha simu, anauliza kwa upole, "Kaka, gari ipo poa kweli?" Unamjibu, "Ipo freshi, ni barabara tu." Barabara gani na mmesimama?

Tia timu kijiweni na stori hiyo uone. Mmoja anasema plagi. Mwingine anakataa katakata, hiyo maunti, ya kwake ilianza hivyohivyo. Wa tatu, ambaye hata baiskeli hana, anakwambia kontroli boksi imekufa, uza chap kabla mtaa haujashtuka. Wanabishana kwa uhakika uleule wa kupanga kikosi cha Simba na Yanga, na wakikosea anayelia ni mwingine.

Mimi kwenye ubishi huu nina upande wangu, na sio wa plagi wala wa maunti. Nasema wana wa Tabata tunapigwa kwa sababu hatutaki kumlipa fundi kwa kufikiria. Tunalipia chuma. Fundi akishika boksi lenye koili mpya, mkono unazama mfukoni bila kelele. Fundi huyohuyo akikaa nusu saa anasikiliza injini, anachomoa soketi, anarudishia, halafu akakwambia, "Bosi wangu, mpira wa vakyumu ulipasuka kwenye ncha, nimeukata nikaubana upya," unamtupia buku ya soda na kumuuliza, "Sasa hapo umefanya nini?" Fundi naye ana watoto. Kesho akiletewa ndinga nyingine inayotikisika atakuwa ameshajifunza. Atatangaza koili zote nne zimekufa, atampigia mshkaji wake wa Gerezani pale Kariakoo, spea italetwa na boda, na cha juu chake kimo humohumo. Ufundi atakufanyia kama zawadi. Utaondoka unamsifia.

Halafu wiki ijayo gari inatetemeka tena.

Tuweke kwanza jambo moja sawa: kwa nini mambo yanaharibika ikiwa sailensi, yaani injini inanguruma na hujakanyaga mafuta? Chukua IST ya kwanza, ile iliyotoka Japani mwaka 2002 na ikaja kutawala parking zote za Dar. Ndani yake kuna 2NZ-FE ya cc 1300 au 1NZ-FE ya cc 1500, zote pistoni nne. Ikiwa sailensi inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila pistoni inapata mlipuko mmoja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kila moja inachapa karibu mara 6 kwa sekunde, kwa zamu: 1, 3, 4, 2. Sasa piga picha ya masela wanne wanapandisha sofa ghorofani, mmoja anaachia mkono kila hatua. Sofa halianguki, ila ngazi nzima inajua. Ukiwa barabarani kwenye mizunguko 3,000, flaiwili imeshapata nguvu ya kubeba pengo la mtoro. Kwenye sailensi hakuna akiba hiyo. Na hewa inayoingia wakati huo ni kiduchu, kwa hiyo katundu ambako kwenye spidi hakahesabiki, kwenye foleni kanavuruga hesabu yote ya hewa na petroli.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi sio chuma gani kimekufa. Muulize kama injini yenyewe inayumba, au inapiga kazi vizuri ila kilichoishikilia ndio kimechoka. Hiki hata wewe unaweza kukipima ukiwa umekaa. Washa, acha ipate moto. Handibreki juu, breki umekanyaga kisawasawa. Weka N, usikilize. Weka D, usikilize tena. Angalia na mshale wa mizunguko kama unao, maana Vitz za bei chee nyingine hazina. Mshale umetulia, mlio umenyooka, lakini ukitia D mwili wote unatetemeka na ukirudi N unapoa? Hiyo ni harufu ya maunti. Maunti ni chuma na mpira; mpira ukipasuka, mtikisiko ambao siku zote upo unaachiwa uingie bodi mzima mzima. Ukitaka uhakika, boneti wazi, mtu mmoja akae kwenye usukani, abadilishe D na R huku breki ameishika, na mwingine asimame pembeni (pembeni, mwanangu, sio mbele) aangalie injini inavyoruka. Ikijirusha, umepata jibu na hujatumia hata jero.

Lakini mshale ukicheza, mlio ukawa unaruka, tu-tu-tu-pa, tu-tu-tu-pa, na huku nyuma ekzosi inatoa pumzi ya kukatikakatika, basi injini inamisi. Silinda moja au zaidi hazichomi. Hapa ndipo fundi mwenye kichwa anapoachana na fundi maiko, na cha kuchekesha, kipimo chenyewe hakihitaji mashine wala intaneti. Injini hizi kila plagi ina koili yake juu, zimekaa nne kwa mstari. Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya koili ya kwanza. Mtikisiko ukizidi na injini ikataka kuzima, hiyo silinda ilikuwa inachapa kazi, rudishia. Nenda ya pili, nenda ya tatu. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kilichobadilika, hiyo ndio mtoro.

Angalizo: chomoa soketi, usinyanyue koili yenyewe. Ile kitu inachukua volti 12 za betri na kuzifanya zaidi ya 20,000. Ikikupata utacheza bila DJ. Na usiiache soketi nje ukaanza kupiga stori, maana petroli isiyochomwa inashuka kwenye ekzosi kwenda kuunguza masega ya kuchuja moshi.

Sasa kumjua mtoro sio kujua kwa nini katoroka. Koili nyingi nzima zinatupwa hapa. Fundi akishasema "namba 2 haifanyi kazi", mwenye gari anajibu "weka koili mpya", wakati dakika tano zaidi zingetosha. Zima injini. Koili ya namba 2 ipeleke namba 3, ya namba 3 ije namba 2. Washa, rudia kipimo. Kama utoro umehamia namba 3, koili ndio mbaya, nunua moja. Umebaki namba 2? Koili haina kesi. Fanya hivyohivyo na plagi. Ukibaki bado, hapo unaanza kuwaza nozeli haipuliziki au kompresheni haipo, na hayo ni mazungumzo mengine.

Kuna mashine, najua. Siku hizi hata mchizi wa kawaida ana kile kidude cha bluutuuthi anachomeka chini ya dashibodi na kusoma kwenye simu. Ukiona P0300, injini inamisi ovyo bila silinda maalumu. P0301 mpaka P0304, namba ya mwisho ndio silinda yenyewe. Ni msaada, sibezi. Ila magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi ya kupimia lakini yana ubishi, hayaongei na kila kidude. Na hata yakiongea, mashine inakuonyesha wapi, haikwambii kwa nini. Fundi aliyesoma P0302 akakuuzia koili palepale bado hajapima chochote. Amesoma tu.

Plagi ikishatoka, isome kabla hujaitupa. Ikiwa na rangi ya udongo mkavu, silinda hiyo ina afya. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Imelowa oili, basi kuna oili inapenya toka kwenye ringi au sili za valvu, na plagi mpya utakuwa unainunulia jeneza. Nyeupe sana, hewa imezidi au silinda inachemka. Na hizi plagi za iridiamu zilizoandikwa kilomita 100,000, ukiuziwa kwa bei ya chipsi mayai jua umeingia mkenge. Feki zimejaa mjini, boksi linang'aa kuliko orijino, ncha yake nene, na mwezi haumaliziki. Bora orijino iliyotumika toka kwenye injini ya mtumba kuliko mpya ya kanjanja. Najua kuna watakaobisha, wabishe.

Kuna utoro mwingine unatengenezwa Jumapili. Tabata ni mji wa bata, kila kona kuna choma, muziki na sehemu ya kuosha magari pembeni. Unakaa unakula kuku, dogo anaosha mchuma. Kwa kukufurahisha, au umemwambia mwenyewe, anafungua boneti na kupiga injini kwa maji ya presha. Inang'aa, unapiga picha. Jumatatu alfajiri inatikisika. Maji yamezama kwenye visima vya plagi, koili zimekaa bwawani. Kabla hujaita mtu yeyote, chomoa koili gari ikiwa imezima, futa, puliza hewa visima vikauke, rudishia. Masika nayo ina yake. Ukikatiza dimbwi kubwa kule bondeni, upande wa Mto Msimbazi, na usiku huohuo gari ikaanza kumisi, anza na maji kabla ya kuanza na lawama.

Ukikuta silinda zote zinachapa ila sailensi inapanda na kushuka kama ina kigugumizi, na ukiwasha AC inakaribia kuzima, hamia upande wa hewa. Eya klina iliyobeba vumbi la mwaka mzima. Throto yenye kaboni nyeusi pembezoni mwa kile kisahani, kwa hiyo ile hewa kiduchu ya sailensi haipiti sawasawa. Sensa ya hewa iliyochafuka. Hizi mbili za mwisho mara nyingi zinasafishwa tu, hazibadilishwi, na ndio maana hazipendwi, hazina cha juu. Baada ya kusafisha throto gari inaweza kunguruma juu juu kwa muda mpaka kontroli boksi ijipange upya, usikimbilie kumwita fundi mwizi.

Mipira ya vakyumu ipime kwa sikio. Sikiliza mfyonzo, ssss, kuzunguka manifoldi. Mafundi wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza mlio ukibadilika. Inafanya kazi, ila inashika moto, na boneti la gari ya Dar lenye waya zilizoungwaungwa sio pa kuchezea. Maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia yanatosha: yakigusa penye tundu, mlio unabadilika.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Themostati. Nani aliwaambia mafundi wetu kwamba nchi ya joto haihitaji themostati? Gari inafika toka Yokohama nzima, inapata joto siku moja kwa sababu mtu kaweka maji ya bomba badala ya kulanti na rejeta imeziba kutu, fundi anachomoa themostati, anaitupa, anakwambia "hii ni ya kule kwenye barafu". Unafurahi, mshale wa joto haupandi tena. Kilichotokea ni hiki: themostati inayazuia maji mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, ndipo inafungua. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto, na kontroli boksi inaamini bado ni asubuhi ya baridi. Inamwaga petroli ya ziada. Plagi zinakuwa nyeusi, sailensi inachafuka, mafuta yanakwisha, na wewe unalaumu sheli na bei za EWURA. Ukienda na malalamiko, unauziwa plagi. Zinakaa wiki kadhaa safi, zinakuwa nyeusi tena. Mtu anaweza kubadilisha plagi mwaka mzima kwa sababu ya kikopo kidogo cha chuma kilichotupwa kwenye majani. Na rejeta iliyoziba bado ipo palepale, inasubiri siku ya kupasua gasketi ya silinda hedi.

Oili nzito ni ndugu yake. Injini hizi za VVT-i zina kivalvu kinachotumia presha ya oili kusogeza muda wa valvu. Oili ikiwa tope, kinakwama, na kikikwama sehemu mbaya injini inanguruma hovyo ikiwa sailensi kama imemisi wakati koili zote nzima. Wanaoweka oili nene "kwa sababu gari imechoka" wanaongeza kesi juu ya kesi.

Wapi pa kwenda? Tabata gereji hazikosekani, rasmi na bubu. Mitaa ya Dampo peke yake utakutana na mafundi wa kila aina. Na jina lile sio utani, dampo la jiji lilikuwepo kweli, mpaka wakazi wakalishtaki Jiji Mahakama Kuu kwenye kesi ya mwaka 1988 na wakashinda. Jiji likaomba muda, likaomba tena. "Njoo kesho" haikuanzia gereji. Vyeti sio kila kitu. Kuna vichwa havijakanyaga VETA Chang'ombe na vinasikia injini kuliko mashine, na VETA wenyewe wana utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani. Mimi namjua fundi kwa maswali. Akikuuliza inatetemeka ikiwa baridi au ya moto, D au N, AC ikiwaka au ikizimwa, na mara ya mwisho nani aliigusa, kaa naye. Akitaja spea kabla hajafungua boneti, sepa taratibu.

Na mapatano yafanye mapema, kabla hajashika spana: "Fundi, hela ya kupima nakupa hii, ni yako, hata ukikuta hakuna cha kubadilisha. Chuma tutaongea baadaye, na cha zamani nataka nikione." Wengine watacheka. Mmoja mitaa ya Kimanga alimtazama mshkaji wangu, dereva wa mtandaoni, mpaka akadhani kamtukana, kisha akasema, "Kaka, kwa hiyo sina haja ya kukudanganya leo." Alikuwa anatania nusu. Gari ilikuwa na soketi ya koili iliyolegea mdomo. Kabla ya hapo ilishawekewa plagi na maunti.

Wenye Passo na Vitz za cc 1000 za kuanzia 2005, tulieni. Injini yenu 1KR-FE ina pistoni tatu, kamtetemeko kadogo kwenye D ni asili yake. Kakizidi ghafla ndio uanze yote hapo juu.

Kuna siku jibu linakuwa baya. Koili nzima, plagi nzima, nozeli inapuliza, lakini geji ya kompresheni ikifungwa kwenye tundu la plagi, silinda tatu zinalingana na moja imeanguka mbali. Ringi, valvu au gasketi. Hapo usikubali kuungaungiwa. Hesabu gharama ya kufungua hedi, ilinganishe na injini ya mtumba. Uzuri wa 1NZ ni kwamba imefungwa kwenye IST, Raum, Spacio, RunX, Probox na kundi zima la Toyota ndogo, kwa hiyo injini sio adimu. Wengine hawafanyi hesabu hiyo. Wanamwaga oili nzito kupunguza moshi, wanafunga plagi mpya, wanampa dalali.

Kwa hiyo ukiwa unanunua, mwambie dalali asiiwashe kabla hujafika. Silinda dhaifu na sili zilizochoka zinajianika zaidi injini ikiwa ya baridi, dakika ya kwanza baada ya kuwasha, na madalali wanalijua hilo kuliko sisi. Ukifika, kabla ya kusifia rangi na rimu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na anakwambia "nilikuwa naisogeza tu kivulini, kiongozi", mwambie poa, utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na funguo alale nazo mwenyewe.